Pasipoti kwa Medali: Mwanamichezo Anastahili Uraia wa Zawadi?

Wale mliowahi kufika Shahe mnajua soko lile halijui usingizi. Alfajiri wenzenu mmelala, huko watu wanavuta marobota, vitoroli vinakugonga visigino na hakuna anayekuomba radhi. Mimi huenda siku nisizokuwa na vipindi, nawasindikiza ndugu na jamaa wanaokuja kuchukua jinzi na magauni, maana Kichina chao ni cha kuoneshana kikokotoo tu.

Siku moja nilikuwa na dada mmoja wa Kapsabet, ana duka Eldoret. Tumekaa juu ya marobota tukisubiri gari la kago, tunakula zile tambi pana za mchele ambazo, kama hukujua, jina lake limetoka hapahapa Shahe. Akaniuliza: "Kaka, wewe ni msomi. Mdogo wangu anakimbia. Kuna wakala anamwambia nchi moja ya Ghuba itampa uraia na mshahara. Nimwambie asaini?"

Tulikuwa wanne pale. Mganda akasema asaini jana. Mbongo mwenzangu akasema huo ni usaliti. Mimi nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikamwahidi nitasoma halafu nimwambie, na niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na Stephen Cherono, maana kila mjadala wa namna hii unaanzia kwake. Mwaka 2003 aliacha uraia wa Kenya akawa raia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Iliripotiwa kwamba aliahidiwa dola 1,000 kila mwezi maisha yake yote. Mwaka huohuo kule Paris akachukua dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akimwacha Ezekiel Kemboi wa Kenya nafasi ya pili. Kaka yake wa damu, Abraham Cherono, alikuwa kwenye fainali ileile amevaa jezi ya Kenya. Hebu fikiria mama yao alikuwa anamshangilia nani.

Kenya ilikasirika. Kanuni za Olimpiki zilitaka aliyebadili nchi asubiri miaka 3, labda nchi yake ya zamani imruhusu. Kenya ikagoma, na Shaheen akaikosa Athens 2004. Siku chache tu baada ya Olimpiki akakimbia Brussels kwa dakika 7:53.63, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2023. Yaani mtu mwenye kasi kuliko wote duniani kwenye mbio zile hakuwahi kupata medali ya Olimpiki.

Sasa mlinganishe na Wilson Kipketer. Huyu alikwenda Denmark mwaka 1990 kama mwanafunzi, kama mimi na wewe. Akasoma, akaishi, akazoea baridi yao. Mwaka 1995 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 akiikimbilia Denmark, lakini Olimpiki ya Atlanta 1996 hakukanyaga, kwa sababu uraia wake ulikuwa haujakamilika, na alikuwa kwenye ubora wake kwelikweli. Wadenishi hawakumrukisha foleni hata kwa dhahabu ya Olimpiki iliyokuwa mezani. Wengine wataona ni ukatili. Mimi naona ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu alipoupata uraia ule hakuna aliyeweza kusema amenunuliwa. Mwaka 1997 akavunja rekodi ya Sebastian Coe, na sidhani kuna Mdenishi aliyeuliza huyu ni wa nani.

Kilichonishtua zaidi ni habari ya Leonard Mucheru. Alitoka Kenya akawa raia wa Bahrain kwa jina la Mushir Salem Jawher. Januari 2007 akaenda Israel kukimbia marathoni ya Tiberias, akashinda. Bahrain ikamvua uraia. Hakuiba wala hakuua, alikimbia tu mahali walipoona hapafai. Na wakati ule Kenya ilikuwa hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo pasipoti ya kwanza alishaiacha alipochukua ya pili. Kitu unachopewa leo kwa medali na kunyang'anywa kesho kwa medali, jamani, kweli tukiite uraia? Hata kibarua hupewa notisi.

Na uraia wenyewe una madaraja. Sheria ya uraia ya Qatar ya 2005 ilipotoka iliweka wazi kwamba aliyepewa uraia hana haki ya kupiga kura wala kugombea kwenye chombo cha kutunga sheria. Bendera unabeba, ila kura usiguse.

Msije mkadhani ni mambo ya Ghuba peke yake. Toka Shahe shuka kidogo hadi Uwanja wa Tianhe, wilaya ni ileile. Hapo ndipo Elkeson wa Brazil alipofunga mabao ya kuipa Guangzhou Evergrande ubingwa wa Asia 2013 na 2015. Mwaka 2019 akapewa uraia wa China, akaacha wa Brazil kwa sababu sheria ya hapa ya 1980 haitambui uraia pacha. Akawa mchezaji wa kwanza asiye na asili ya Kichina kuichezea timu ya taifa, akafunga mawili dhidi ya Maldives. Lengo lilikuwa Kombe la Dunia 2022. Hawakufuzu, na mwaka 2022 huyo bwana alikuwa Brazil akichezea Grêmio. Klabu yenyewe ilizama kwenye madeni, Januari 2025 ikafa kabisa. Wako watu wanaopanga vyumba jirani na Shahe miaka kumi na tano, wana wake na watoto hapa, na kila mwaka wanapanga foleni ya kibali cha ukaazi. Sijasikia wakiitwa wapewe uraia wa heshima. Hawafungi mabao.

Nyumbani nako tumeanza. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji Tanzania ilitangaza wachezaji 3 wa Singida Black Stars wamepewa uraia: Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea. Vijana hawana kosa, waliomba wakapewa. Ila mimi nikawakumbuka Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972. Wakalima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakazaa na kuzika huko, na vyeti vya uraia, kwa watu takriban 162,000, vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka 42! Kama kipimo ni mchango kwa taifa, mkulima yule alilisha watu wangapi?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwanamichezo apewe fedha, nyumba, nishani, barabara iitwe jina lake, sina wivu. Uraia aupate kwa foleni ileile ya kila mtu, na akiupata usihesabiwe kwa mabao.

Nilimpigia yule dada nikamweleza yote. Nikamwambia mambo yamebadilika: tangu 2018 shirikisho la riadha la dunia linataka anayebadili nchi asubiri miaka 3 na awe ametimiza miaka 20. Na kwa Katiba ya Kenya ya 2010, aliyezaliwa raia hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, tofauti na sisi Wabongo. Basi mdogo wako asikubali kusalimisha pasipoti ya Kenya, na amuulize wakala yule: siku goti likiuma, mshahara na uraia vinabaki?

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Asante kaka, nimeelewa. Lakini marehemu kaka yetu aliacha watoto wanne, na karo ni mwezi ujao. Hiyo foleni ya kila mtu inaanzia wapi?"

Nikamwambia nitampigia tena.