Kuwapeleka Wanafunzi Kwenye Jukwaa: Mfano wa Lubumbashi

Masomo ya tamthilia katika chuo kikuu huanzia mara nyingi kitabuni. Mwanafunzi husoma maandishi, huchambua wahusika na maudhui, kisha hufanya mtihani bila ya kukaa hata siku moja mbele ya waigizaji. Kwa mji wa Lubumbashi njia hiyo ina kasoro kubwa, kwani michezo yake mingi ya Kiswahili haikuandikwa kamwe. Anayeitafuta maktabani hataikuta. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ziara ya ukumbini ni sehemu ya masomo yenyewe, na jinsi inavyofaa kutayarishwa.

1. Mji na jukwaa lake

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Kazi ya shaba iliwavuta watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja, kazini na nyumbani. Ndiyo lugha ya waigizaji wa kundi la Mufwankolo, waliojulikana sana kwa michezo yao ya redio na televisheni.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya msemo wa kwamba utawala huliwa mzima. Badala ya kumjibu kwa maelezo, walitunga mchezo. Walijadiliana juu ya hadithi, wakagawana nafasi, na mazungumzo yakakua katika mazoezi, bila ya karatasi. Fabian alieleza kazi hiyo katika kitabu Power and Performance kilichotoka mwaka 1990. Michezo mingi mingine haikupata mtu wa kuinakili, na imebaki katika kumbukumbu za waliokuwapo tu.

2. Kabla ya safari

Inafaa mwalimu ahudhurie mazoezi kwanza, apatane na kiongozi wa kundi juu ya siku na idadi ya wanafunzi, kisha akague ukumbi, uwe Halle de l'Étoile au ua wa mtaani. Chuo kiko mbali na katikati ya mji, na maonyesho huisha usiku. Basi la kurudi lipatikane kabla ya tikiti kununuliwa. Umeme nao hukatika, kwa hiyo taa za mkononi zisisahauliwe. Aidha, kikundi cha chuo kisiombe kuingia bure kwa kisingizio cha elimu. Kiingilio ni ujira wa msanii.

Matayarisho makubwa zaidi ni ya sikio. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili sanifu huenda ukumbini kama msahihishaji mwenye kalamu nyekundu. Husikia ba- mahali pa wa-, husikia katoto na tutoto, husikia anasemaka kwa jambo la desturi, naye huhesabu makosa. Somo moja la sarufi kabla ya safari laweza kumwonyesha kwamba maumbo hayo yana kanuni zake: ka- na tu- hudogosha, na -ak- huonyesha mazoea. Akiisha kufahamu hayo, ataweza kuuliza swali lenye faida, yaani mwigizaji anafanya nini kwa umbo hilo.

3. Ukumbini

Kazi igawanywe. Kikundi cha kwanza kifuatilie lugha: ni nani anayeingiza Kifaransa, na katika saa gani. Mara nyingi mhusika anayetaka kuonekana mkubwa ndiye anayehama lugha, na hadhira humcheka kabla hajamaliza sentensi. Kikundi cha pili kiangalie mwili: mwendo, mavazi, kunyamaza. Cha tatu kiwatazame watazamaji wenyewe, wanapocheka, wanapoitikia na wanaponuna, kwa kuwa mwigizaji asiyefungwa na maandishi hurefusha au hufupisha maneno yake kwa kufuata hali ya ukumbi. Hilo halionekani katika kitabu chochote. Daftari zitumike kwa uchache, na mashine ya kunasa sauti isiwashwe bila ya ruhusa ya kundi.

4. Baada ya mchezo

Kikao kifanyike kabla ya juma kwisha. Kila mwanafunzi aandike onyesho moja kwa kumbukumbu, kisha maandishi yalinganishwe. Tofauti zitakazojitokeza zitamfundisha, kuliko mhadhara wowote, ugumu wa kuifanya sauti kuwa maandishi. Waigizaji waalikwe darasani kama walimu, waeleze jinsi walivyopatana juu ya hadithi. Ikiwa wameruhusu sauti kunaswa, nakala moja iwekwe chuoni na nyingine irudishwe kwao.

Faida ya kazi hii ni ya pande mbili. Mchezo mmoja zaidi huokolewa usipotee. Na mwanafunzi, aliyefundishwa kwa miaka kuionea haya lugha ya nyumbani kwao, huiona ikijaza ukumbi na kuwafikirisha watu wazima. Hataacha kujifunza Kiswahili sanifu kwa ajili hiyo; atajifunza zote mbili, akijua kila moja ina kazi gani. Chuo kinachosubiri michezo hii iandikwe kwanza ndipo kiifundishe, kitasubiri mpaka wanaoikumbuka wamekwisha.