Thabiti ni Kivumishi, Si Ushahidi

Mkazi wa Kayole, Umoja au Dandora hahitaji kufundishwa maana ya chama: wanachama huchanga, mhazini huandika daftarini, mwenye zamu hupokea. Tuwaze sasa daftari hilo likiwa na nakala katika maelfu ya kompyuta, na kanuni za mikopo zikitekelezwa na programu badala ya mhazini. Huo ndio mfumo wa fedha usio na kitovu.

Kwa kuwa thamani ya bitcoin hupanda na kushuka, zilibuniwa sarafu za kidijitali ziitwazo thabiti. Nyingi huahidi kulingana na dola 1. Mwanafunzi na aulize: ni nini kinachoitegemeza ahadi hiyo?

USDC hutegemezwa na dola na hati za mkopo za serikali ya Marekani. TerraUSD ilitegemea zaidi sarafu nyingine, Luna. Mei 2022 watu walipokimbilia kuuza, zote mbili ziliporomoka, na mabilioni ya dola yakayeyuka.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, wakazi wa Mukuru kwa Njenga walitumia Sarafu, fedha ya jamii iliyowekwa katika daftari la aina hiyo. Nguvu yake ilikuwa jirani mwenye bidhaa aliyekubali kuipokea.

Basi, ndugu mwalimu, kijana akikuletea sarafu 'isiyoshuka kamwe', mwulize tunavyomwuliza mhazini: fedha ziko wapi, na ni nani aliyezihesabu? Asipojibu, jina zuri halitamlipia karo.