Je, Wajua? Ahadi kwa Waliopoteza Kazi kwa Sababu ya Bidhaa za Nje

Bidhaa za bei nafuu kutoka nje humpa mnunuzi ahueni, lakini huweza kumnyima kazi aliyekuwa akitengeneza bidhaa kama hizo nyumbani. Zaidi ya miaka 60 iliyopita, serikali ya Marekani iliahidi kwamba mtu huyo hataachwa peke yake. Mpango wa kutimiza ahadi hiyo hujulikana kwa kifupi kama TAA, na kila nchi inayofungua soko lake ingefaa kuijua historia yake.

Je, wajua kwamba wazo lilitoka kwa kiongozi wa wafanyakazi? Mwaka 1954, David J. McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa chuma, alikuwa mjumbe wa tume iliyochunguza sera ya Marekani kuhusu uchumi na nchi za nje. Hoja yake ilikuwa ya haki: taifa likipunguza ushuru wa forodha kwa faida ya wote, hasara isibebwe na wachache. Wajumbe wengi hawakuliunga mkono pendekezo lake. Aliyelichukua ni seneta kijana, John F. Kennedy, ambaye baadaye akiwa rais alilitia katika sheria ya biashara ya mwaka 1962.

Je, wajua kwamba kwa miaka saba hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyenufaika? Waombaji walitakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba bidhaa za nje ziliongezeka hasa kwa sababu ushuru ulipunguzwa, na kwamba ongezeko hilo ndilo sababu kuu ya wao kukosa kazi. Kila ombi lililofika lilikwama hapo hadi Novemba 1969. Sheria ya mwaka 1974 ililegeza masharti: ikatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa kiasi kikubwa.

Je, wajua kwamba watu watatu walitosha kuomba? Si lazima kiwanda kizima kifungwe. Wafanyakazi watatu wa kampuni moja, chama chao au hata mwajiri mwenyewe waliweza kupeleka ombi Wizara ya Kazi. Likikubaliwa, waliopunguzwa walilipiwa mafunzo ya kazi mpya, wakapewa posho ya kila wiki baada ya mafao ya kawaida ya kukosa ajira kwisha, na hata kusaidiwa gharama za kuhamia mji mwingine wenye kazi.

Je, wajua kwamba nguo zinazoshonwa Kenya zinahusika? Kuanzia mwaka 2000, sheria ya Marekani iitwayo AGOA iliruhusu bidhaa nyingi za Afrika, zikiwemo nguo kutoka viwanda vya Athi River, kuingia Marekani bila ushuru. Miaka miwili baadaye, Bunge la Marekani liliitaja AGOA kwa jina katika sheria ya TAA: kampuni ikihamishia uzalishaji wake katika nchi inayonufaika na AGOA, wafanyakazi iliowaacha wangeweza kuomba msaada.

Je, wajua kwamba serikali iliwahi kufidia mshahara uliopungua? Mzee aliyezoea mashine moja kwa miaka 30 hapati kwa urahisi kazi yenye malipo yaleyale. Kwa hiyo sheria ya mwaka 2002 iliwaruhusu wenye umri wa miaka 50 na zaidi kulipwa nusu ya pengo. Aliyekuwa akipata dola 40,000 kwa mwaka, akaajiriwa upya kwa dola 30,000, aliongezewa dola 5,000 kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka miwili.

Je, wajua kwamba mafunzo yalizaa matunda? Maofisa waliochunguza maombi hawakuwa sawa: wengine walikuwa wakali, wengine wapole. Mchumi Benjamin Hyman alitumia tofauti hiyo kulinganisha wafanyakazi wa hali moja waliopata msaada na waliokosa. Aligundua kwamba katika miaka kumi, waliopata walijipatia jumla ya takriban dola 50,000 zaidi, ingawa pengo la kipato lilififia kadiri miaka ilivyosonga.

Je, wajua kwamba Ulaya nayo ina mfuko wake? Umoja wa Ulaya ulianza wake mwaka 2007. Kampuni ya kompyuta ya Dell ilipotangaza mwaka 2009 kwamba inahamishia Poland uzalishaji wake wa Limerick, Ireland, wafanyakazi waliopunguzwa walisaidiwa na mfuko huo. Zamani mfuko ulidai angalau watu 500 wawe wamepoteza kazi. Tangu 2021 wanatosha 200.

Je, wajua kwamba mlango wa Marekani umefungwa? Muda wa sheria uliisha bila Bunge kuuongeza, na kuanzia Julai 1, 2022, hakuna ombi jipya lililoweza kuidhinishwa. Bidhaa za nje hazikuacha kuingia. Ahadi ni deni, na deni hili halikufutika kwa sababu tarehe imepita.

Je, wajua kwamba Afrika inapita njia hiyohiyo? Soko huru la bara letu, AfCFTA, lina Mfuko wa Marekebisho wenye makao yake Kigali, ulioundwa kuzisaidia serikali na kampuni kuhimili ushindani mpya. Ni hatua njema. Lakini miaka saba ile ya maombi kukataliwa inatufunza kwamba kuandika neno "msaada" katika sheria hakutoshi. Fundi cherehani na mfumaji watajwe tangu mwanzo, wawekewe masharti wanayoweza kuyatimiza, na mafunzo yawafikie kabla akiba yao haijakwisha.