Betri ya trela: Kununua au kukodi?

MKULIMA wa ekari tano hanunui trekta la kulimia wiki mbili kwa mwaka. Anakodi. Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyowasukuma mafundi wa Ulaya kubuni trela lenye betri, linalofungwa nyuma ya gari la umeme siku ya safari ndefu na kurudishwa kituoni safari ikiisha.

Wazo lenyewe si geni. Miaka ya 1990 nchini Marekani, mhandisi Alan Cocconi alitengeneza trela la jenereta ya petroli ili gari la umeme lifike mbali. Baadaye kampuni ya EP Tender ya Ufaransa nayo ilianza na injini ya petroli, kisha ikageukia betri.

Tupige hesabu. Betri ya kilowati-saa 60 ina uzito wa kilo 400 hivi, na gari dogo hutembea kilomita 5 hadi 6 kwa kilowati-saa moja. Likivuta trela, uzito na upepo hula sehemu ya umeme huo, lakini kilomita 200 na ushei zinapatikana. Mwaka 2024 bei ya wastani ya betri za lithiamu duniani ilikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, yaani kama dola 6,900 kwa betri hiyo peke yake. Anayeinunua na kusafiri mbali mara 10 kwa mwaka, kwa miaka 10, kila safari imemgharimu dola 69, kabla ya magurudumu, bima na riba ya benki. Trela hilohilo likikodishwa siku 150 kwa mwaka, gharama inashuka chini ya dola 5 kwa siku.

Kwenye karatasi biashara inapendeza. Kikwazo ni msimu. Wafaransa wengi huenda likizo Agosti, kama vile kwetu kila mtu anavyotafuta lori wiki ileile ya mavuno. Mwenye trela chache anakosa kuhudumia wateja. Mwenye nyingi anaziona zimelala miezi iliyobaki, na betri huzeeka hata isipotumika. Isitoshe, magari mengi ya umeme hayakuidhinishwa kuvuta trela, na Ujerumani anayevuta trela kwa kawaida haruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Wakati huohuo betri za ndani ya magari zilikua. Renault Zoe ilianza na kilowati-saa 22, ikafika 41 mwaka 2016 na 52 mwaka 2019. Mteja wa trela akapungua.

Kwa maoni yangu, wazo la kukodi betri limepata mahali pake kwenye bodaboda. Mjini Kigali, madereva wa pikipiki za Ampersand hubadilisha betri kituoni badala ya kusubiri ichaji. Bodaboda inafanya kazi kila siku, hivyo betri hailali. Mfanyabiashara wa maziwa anayeshawishiwa kununua pikipiki ya namna hiyo aulize kwanza betri ni mali ya nani, kituo kiko umbali gani na njia yake, na bei ya kubadilisha ikipanda, je, anaweza kuchaji nyumbani?