Kitambaa Hupatikana Dukani

Katika nyumba zetu nyingi imo picha ya zamani isiyo na rangi, ambayo karibu hakuna tena awezaye kutaja majina ya waliomo. Twalikumbuka jambo hilo kila tutazamapo kazi ya fundi mmoja wa Marekani, Bibi Bisa Butler, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1973, na ambaye baba yake ni mtu wa Ghana. Yeye huchukua picha za namna hiyo akazishona mifarishi ya viraka.

Kazi yenyewe yataka subira. Picha hukuzwa hata ikakaribia kimo cha mtu. Kisha hugawanywa: penye mwanga, penye kivuli chepesi na penye giza. Kila sehemu hukatiwa kitambaa chake, na vipande hupangwa mpaka uso ukatokea. Mwisho pamba hutiwa katikati na bitana nyuma, vyote vikashonwa pamoja kwa cherehani. Vitambaa ni vitenge kama wavaavyo mama zetu, na uso wa mtu huweza kuwa wa buluu, mwekundu au wa zambarau.

Rangi kali namna hiyo zilivuma kwa sanaa iitwayo popu. Mwaka 1962 Andy Warhol alizipaka sura ya Marilyn Monroe, mcheza sinema aliyekwisha kujulikana dunia nzima. Bibi Butler amewapa heshima hiyo watu wa kawaida. Mwaka 1941 Russell Lee, mpiga picha wa serikali ya Marekani, aliwapiga picha watoto watano weusi wa Chicago, wamevaa nguo zao za Pasaka. Mwaka 2018 watoto hao walitokea tena, katika mfarishi wa Bibi Butler.

Zamani viraka vilikuwa kazi ya mwenye shida: mama alikusanya mabaki ya nguo ili wanawe wasione baridi. Leo kazi hiyo yatundikwa katika majumba ya makumbusho, na sisi twafurahi. Lakini sindano nayo ina mpaka wake. Yaweza kurudisha rangi na heshima. Haiwezi kurudisha jina lililosahauliwa.

Basi kila mwenye picha ya babu yake bandarini, au ya mama yake shambani, aandike majina nyuma yake leo, maadamu wangalipo wazee wanaoyajua. Kitambaa hupatikana dukani, jina halipatikani.