Mara kwa Mara Ni Mara Ngapi?

Waingereza wana neno dogo, 'often', ambalo kila mtoto aliyepita shule hapa Mwanza, iwe shule ya Serikali ama ya misheni, amelikariri pamoja na ndugu zake 'always', 'usually', 'sometimes', 'rarely' na 'never'. Mwalimu huyapanga maneno hayo ubaoni kama vidato vya ngazi, na kando yake huandika Kiswahili chake: daima, kwa kawaida, mara nyingi, mara nyingine, kwa nadra, kamwe. Mtoto huyashika, hufaulu mtihani, akaenda zake. Walakini akishakuwa mtu mzima, akawa karani, au mwandishi wa matangazo, au mfasiri wa sheria, na neno lile 'often' likamjia mezani, hataliandika 'mara nyingi' kama alivyofundishwa. Ataandika 'mara kwa mara'. Na hapo ndipo penye shida tunayotaka kuizungumza leo.

Maana 'mara kwa mara' ni neno lenye nyuso mbili. Mtu akisema, 'Mjomba hutujia mara kwa mara', msikilizaji mmoja hufahamu kwamba mjomba haishi kuja, na mwingine hufahamu kwamba mjomba huja kwa vipindi, leo akionekana, kisha miezi ikapita. Wote wawili wamesikia Kiswahili sahihi. Kwa Kiingereza maana hizo mbili zina maneno mawili yaliyo mbalimbali: ya kwanza ni 'often', na ya pili ni 'from time to time' au 'occasionally'. Sisi tumezitia zote katika mfuko mmoja.

Tulitazame neno lenyewe 'mara' kwanza, kwani ni neno lenye kazi nyingi kuliko umbo lake. Lilitoka kwa Waarabu, kama walivyotoka kwao 'daima', 'nadra', 'aghalabu', 'kawaida' na hata 'kila'. (Mto Mara na Mkoa wa Mara, jirani zetu wa kaskazini, hawamo katika habari hii.) Katika hesabu, mara ni kuzidisha: tatu mara nne ni kumi na mbili. Katika hadithi, mara ni ghafula: 'mara simba akatokea'. Katika amri, 'mara moja' ni sasa hivi bila kukawia: 'njoo mara moja'. Lakini katika habari za kawaida 'mara moja' ni idadi: 'alikuja mara moja', wala hajarudi tena. Mtu akiandika, 'Daktari aliitwa mara moja', msomaji hana njia ya kujua kama daktari aliitwa upesi au aliitwa mara moja tu kisha akaachwa, ila kwa kuyatazama maneno yaliyotangulia na yanayofuata. Tena tukisema 'mara moja moja' tumekwisha kufika kwenye uchache, na 'mara nyingine' yaweza kuwa ni safari ya pili au ni 'wakati mwingine'. Twastaajabu jinsi lugha inavyobeba mzigo huu wote bila kuzama, na kwa maneno ya barazani haizami, kwa sababu mtu aweza kuuliza tena. Karatasi haiulizwi.

Kiswahili kina pia njia yake ya asili ya kusema desturi, isiyohitaji neno la Kiarabu wala la Kizungu, nayo ni ile 'hu-' inayotangulia kitendo. Bandu bandu huisha gogo. Subira huvuta heri. Katika methali 'hu-' ina nguvu ya 'always', maana methali haitaki ubishi. Lakini tangazo linaloning'inia gatini likisema, 'Kivuko huondoka saa mbili asubuhi', ile 'hu-' ni ahadi, na jirani akisema, 'Fulani hulewa', ile 'hu-' yaweza kuwa ni mara mbili kwa mwaka. Tena haina kanusho lake: kukana 'husafiri' twalazimika kusema 'hasafiri', na msikilizaji hajui kama hasafiri leo au hasafiri kabisa. Ni chombo kizuri sana kwa kusema mambo yalivyo duniani. Kwa kuhesabu hakifai.

Wala tusidhani kwamba Waingereza wao wametulia. Neno lao la zamani lilikuwa 'oft' tu. 'Often' lilirefushwa baadaye, na mpaka leo hawajapatana kama ile 't' itamkwe au imezwe kama inavyomezwa katika 'listen'. Shida ya matamshi ni ndogo. Kubwa ni ya maana. Mwaka 1944 mwalimu mmoja wa Marekani, Ray Simpson, aliwaomba wanafunzi wayape maneno ya namna hii hesabu: katika mara 100, 'often' ni mara ngapi, na 'seldom' ni mara ngapi? Mwaka 1968 Milton Hakel akalirudia jambo hilo, na makala yake akaipa jina la swali lenyewe: 'often' ni mara ngapi? Hesabu ya katikati ya watu wote haikuwa imebadilika sana katika miaka ile. Lakini kati ya mtu na mtu tofauti zilikuwa kubwa, hata ikaonekana kwamba mtu asemapo 'often' na mwenzake anayemsikiliza waweza kuwa na hesabu mbili zisizokaribiana. Hao ni watu wa lugha moja. Sisi twaongeza juu yake mfasiri.

Kuna na mtego mwingine wa 'often' ambao wafasiri wetu huuangukia bila kujua. Kwa Kiingereza neno hilo si lazima lihesabu nyakati. Laweza kuhesabu watu au vitu. Wakisema kwamba wavuvi ni 'often' vijana, hawana maana kwamba mvuvi huyo huyo ni kijana Jumatatu na mzee Jumanne. Maana yao ni kwamba wavuvi wengi ni vijana. Lakini twasoma kila siku 'wavuvi mara nyingi ni vijana', sentensi ambayo bibi kizee wa Ukerewe ataicheka. Kiswahili kilikuwa na 'wengi' tangu zamani. Hakukuwa na haja ya kuiazima 'mara'.

Watu wa ziwani wenyewe, wanapozungumza kazi yao, hawana ulegevu huu. Mwulize mvuvi wa dagaa anaingia majini mara ngapi, atakujibu kwa mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za umeme wa jua na betri, na taa hufaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, samaki hawaivutiwi taa kama kwanza, na mitumbwi hupandishwa ufukoni kwa siku kadhaa. Hilo ni jibu timilifu: lina idadi, lina majira, na lina sababu. Mchuuzi anayengojea dagaa mwaloni Kirumba aweza kupanga biashara yake kwa jibu hilo. Kwa 'mara kwa mara' hawezi kupanga hata chai.

Hospitalini nako wamejifunza kutoliamini neno tupu. Juu ya bahasha ya dawa imeandikwa 'kutwa mara tatu', wala si 'umeze mara nyingi'. Hata hivyo 'kutwa' kwa asili ni mchana, toka asubuhi hata jioni, na mgonjwa mtiifu aweza kumaliza vidonge vyake vitatu kabla ya jua kutua, kisha usiku kucha mwili ukabaki bila kitu. Kwa hiyo kwa dawa mseto ya malaria, ugonjwa ambao kandokando ya ziwa hili haumsahau mtu, mganga mwema haishii kwenye 'mara mbili kwa siku'. Husema: kipimo cha pili baada ya saa 8 tangu cha kwanza, kisha kila baada ya saa 12, hata vitimie vipimo 6 kwa siku 3. Huko Ulaya wamekwenda mbele zaidi, wakayafunga maneno yenyewe kwa hesabu. Karatasi ya dawa ikisema kwamba madhara fulani ni ya kawaida, maana yake ni kwamba huweza kumpata mtu 1 hata 10 katika kila 100; ikisema ni ya nadra, ni mtu 1 hata 10 katika kila 10,000. Aliyelitia neno pale hana ruhusa ya kulivuta litakako.

Twayasema haya si kwa kupenda sarufi tu. Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi yetu na ya mahakama zake. Ni jambo la kufurahiwa na kila mtu aliyewahi kusimama kizimbani akisikiliza hatima yake kwa lugha asiyoijua. Lakini sheria zilizokuwa kwa Kiingereza ni nyingi, na ndani yake 'from time to time' limejaa tele. Katika sheria, maneno hayo hayana maana ya vipindi wala ya wingi: yana maana kwamba mwenye mamlaka aweza kutenda tena na tena, kila itakapohitajika. Mfasiri akiandika 'Waziri atatoa kanuni mara kwa mara', msomaji wa Sengerema atadhani Waziri ameamriwa asipumzike. Na pale ambapo sheria au kanuni yadai kwamba chombo kikaguliwe 'regularly', yaani kwa ratiba isiyovunjwa, mfasiri huyo huyo akiandika tena 'mara kwa mara', mwenye chombo aliyekikagua mwaka juzi na mwaka huu aweza kusimama na kusema ametii. Kwa Kiswahili chetu hatasema uongo.

Na vyombo ndivyo vinavyotuuma sisi wa ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza, abiria wakiwa wengi kuliko kipimo chake, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko kilichofanya kazi kati ya Bugorora katika kisiwa cha Ukerewe na kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kipimo chake kilikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Tuitazame siku ile ya pili. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugorora, na watu walikuwa wakirudi na mizigo yao. Mtu akisema juu ya kivuko chochote kwamba 'mara kwa mara hujaza kupita kiasi', amesema kweli isiyomsaidia mtu. Neno hilo huutandaza msongamano juu ya wiki nzima kama kwamba waweza kuangukia siku yoyote, hali gulio lina siku yake inayojulikana na kila mama anayeuza mihogo. Anayesema 'siku ya gulio abiria huzidi kipimo' amemwonyesha mkaguzi siku ya kusimama gatini.

Hatudai kwamba 'mara kwa mara' lifutwe katika kamusi. Katika barua ya salamu, katika hadithi, katika mazungumzo ya jioni, lina utamu wake na lisiguswe. Yapo pia mambo ambayo asili yake haina ratiba. Maji ya ziwa lenyewe yalipanda sana hata mwaka 1964, kisha wazee wakasema jambo kama lile ni la nadra; mwaka 2020 yakakifikia tena kimo kile, na mwaka 2024 yakakipita. Hapo mwandishi mwaminifu ataitaja miaka yenyewe, na msomaji atajionea kama hiyo ni nadra.

Bali kwa karani wa matangazo na mfasiri wa kanuni twaomba jambo moja jepesi. Kiswahili chetu, kwa bahati njema, kinapouliza hakizungukizunguki. Mwingereza husema 'how often', na yamkini kujibiwa 'not very often', wakaachana kwa adabu. Sisi twauliza 'mara ngapi', na '-ngapi' yadai hesabu: watoto wangapi, shilingi ngapi, mara ngapi. Basi kila kalamu inapotaka kuandika 'mara kwa mara' katika kanuni ya chombo cha majini, iandike kwanza swali hilo pembeni mwa karatasi. Kama jibu ni kila miezi 6, iandikwe miezi 6. Kama ni kila kabla ya kung'oa nanga, iandikwe hivyo. Kama ni wakati wowote mkaguzi aonapo haja, Kiswahili kina 'kila itakapohitajika', na mwenye chombo atajua kwamba hana siku ya kujificha.