Mama anapopiga magoti: maombi yanafanya nini katika maisha yake?

Ukiamka mapema hapa Bunia, mbele wamotari hawajajaa barabarani, unaijua picha hii. Ni saa kumi na moja ya asubuhi, giza bado iko, na wamama wawili watatu wanapita wamejifunika kikwembe juu ya baridi, Biblia ama rozari mkononi. Mmoja anapanda Mudzi-Pela kwa misa, mwingine anaenda kwa CECA 20, mwingine kwa Waanglikana, mwingine kwa chumba kidogo cha maombi cha mbao na mabati. Nyuma ya saa moja ama mbili watakuwa wamerudi. Watawasha makala, watapika chai, watatuma watoto masomo, kisha wataenda sokoni ama shambani.

Tumeizoea picha hiyo mpaka hatuulizi tena: maombi yanamsaidia mama mkristo namna gani? Na je, kuna wakati neno « omba tu, mama » linamletea hasara? Leo tunajaribu kueleza mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu hapa Ituri hayo mawili yanaishi katika nyumba moja.

Usiku wa Komanda

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 27 mwezi wa saba 2025. Usiku ule, waasi wa ADF waliingia Komanda, katika territware ya Irumu, pale njia ya Bunia inapokutana na ya Beni na ya Mambasa. Walishambulia kanisa katolika, mahali waamini walikuwa wamekusanyika kwa sala. MONUSCO ilihesabu watu 43 waliouawa Komanda: wanawake 19, wanaume 15 na watoto 9.

Tuangalie hesabu hiyo kidogo. Kati ya watu wazima, wanawake ndio walikuwa wengi. Anayejua makanisa yetu hashangai sana. Kwa kesha, kwa novena, kwa kufunga na kuomba, wamama ndio wanatangulia kufika, na mara nyingi wanakuja na watoto.

Siku zile, wengi walijiuliza swali ambalo watu wanaogopa kulisema kwa sauti: kama walikuwa wanaomba, kwa nini Mungu hakuwalinda? Redio haiwezi kujibu kwa niaba ya Mungu. Lakini kuna jambo moja tunaweza kulikumbusha. Parokia ya Komanda inaitwa jina la Mwenye Heri Anuarite. Na maisha ya Anuarite yanatufundisha kitu juu ya swali hilo hilo.

Binti wa Wamba

Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alizaliwa tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 1939, Wamba, katika sehemu ambayo leo ni jimbo la Haut-Uele, jirani zetu. Nyumbani kwao walizaliwa wasichana sita, na hakuna mvulana. Baba alimfukuza mama juu ya jambo hilo, akatafuta mwanamke mwingine. Wasomaji wetu wengi wanawake wanaelewa maumivu hayo bila kuelezwa. Mpaka leo kuna mama anayehesabiwa kama hajazaa, kwa sababu tu amezaa wasichana.

Akiwa bado kijana, Anuarite aliingia kwa masista wa Jamaa Takatifu pale Bafwabaka. Mwaka 1959 aliweka nadhiri zake. Hakufanya mambo makubwa ya kuandikwa kwenye magazeti. Alitumika jikoni, alitengeneza altare, alifundisha watoto. Maombi yake yalikuwa maombi ya mtu wa kazi: asubuhi, mchana, jioni, katikati ya sufuria na daftari za wanafunzi.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja 1964, wakati wa vita vya Wasimba, waasi walifika Bafwabaka, wakapakia masista kwenye lori na kuwapeleka mpaka Isiro. Kule, mkubwa mmoja wa waasi alitaka Anuarite awe bibi yake. Akakataa. Kolonel Pierre Olombe alitaka kumlazimisha. Akakataa tena, akasema afadhali afe. Alipigwa, akachomwa visu, akapigwa risasi. Kabla ya kukata roho alimwambia yule aliyemuua kwamba anamsamehe. Ilikuwa usiku wa kuingia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964. Hakuwa bado na miaka 25. Tarehe 15 mwezi wa nane 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri, pale Kinshasa.

Tuone vizuri: Anuarite aliomba kila siku, na bado aliuawa. Kama kazi ya maombi ni kumzuilia mtu hatari tu, basi tungesema maombi yake hayakufaa. Lakini wakristo wa huku kwetu hawasemi hivyo. Wanachokumbuka ni kwamba, mbele ya watu wenye bunduki, msichana yule alikuwa na nguvu ya kusema hapana. Nguvu ile haikuanguka kutoka juu usiku mmoja tu. Ilijengwa pole pole, siku kwa siku, katika maombi ya kila asubuhi.

Mambo matatu ambayo maombi yanamfanyia mama

La kwanza ni hilo: kumpa mtu moyo. Katika Biblia, kitabu cha Samweli wa kwanza, kuna mama anayeitwa Hana. Alikuwa hana mtoto, na mke mwenzake alimchokoza kila mwaka. Hana akaenda hekaluni akaomba bila sauti, midomo inatikisika tu, mpaka kuhani Eli akafikiri amelewa. Hana hakunyamaza. Alimjibu kuhani kwa heshima: hapana, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni, ninamwaga roho yangu mbele ya Mungu. Kisha akaenda, akakula, na uso wake haukuwa tena wa huzuni. Biblia inasema hivyo mbele hata hajapata mimba ya Samweli. Yaani kitu kilibadilika ndani yake kwanza.

La pili ni kupata mahali pa kusema. Mama wa hapa anabeba mengi: deni la sokoni, mtoto aliyeenda kwenye machimbo ya dhahabu na harudi, bwana asiyetumika, shamba lililobaki kule vita vilikofika. Mambo mengine hawezi kumwambia jirani, yatakuwa habari ya mtaa mzima. Katika maombi anayasema yote. Anayelia mbele ya Mungu hamsumbui mtu, na anarudi nyumbani amepunguza mzigo kidogo.

La tatu, na hili watu wa inje hawalioni, ni kwamba maombi yanakusanya wamama. Kundi la maombi ni zaidi ya nyimbo. Mmoja akikosa kuja mara mbili, wenzake wanaenda kumuona. Akifiwa, wanakuja na maji, kuni na unga. Akizaa, wanamsaidia kufua nguo. Wengine wanafanya likelemba baada ya sala. Mama aliyekimbia vita na kuja kuishi kwenye site ya wakimbizi, bila ndugu hata mmoja, mara nyingi anapata ndugu wa kwanza katika kundi la maombi.

Hata zile siku kubwa za maombi zilitokea hivyo. Siku ya Maombi ya Dunia, inayofanywa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu, ilianza na wanawake wa Marekani katika miaka ya 1880, na leo wanawake wa makanisa mbalimbali wanaomba pamoja siku moja, katika inchi nyingi. Umoja wa Wamama wa Kanisa la Anglikana ulianzishwa Uingereza mwaka 1876 na mama mmoja, Mary Sumner, aliyekuwa anataka wazazi wasaidiane kulea watoto. Katika Ituri, iliyoona vita vya kikabila vya miaka ya 1999 mpaka 2003, kukaa kwenye benchi moja na mama wa kabila lingine, na kuombea mtoto wake kama wako, ni jambo kubwa.

Wakati « omba tu » inakuwa mzigo

Sasa tuje kwa upande mwingine. Kuna neno tunalolisikia mara nyingi: « Vumilia mama, omba tu, Mungu iko. » Anayelisema anataka kufariji. Lakini kuna mahali neno hilo linaweza kuua.

Mfano wa kwanza ni ugonjwa. Kuna wamama wanaoambiwa waache dawa, kwa sababu kunywa dawa ni kukosa imani. Jambo hili watu wa Ituri na Nord-Kivu walilijifunza kwa uchungu wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 2 200. Kuwekea mgonjwa mikono, kulala naye kwenye chumba cha maombi, kuosha maiti: mapendo yale yale yalipitisha ugonjwa. Makanisa yalipoweka ndoo za maji na dawa mlangoni, na watu wakasalimiana bila kushikana mikono, hakuna aliyesema imani imekufa.

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji. Anasimulia kwamba alipokuwa mdogo alimfuata baba yake kwenda kuombea mtoto mgonjwa. Akauliza kwa nini baba anaomba tu bila kutoa dawa. Baba akamueleza kwamba yeye si muganga, kazi yake ni kuomba, na kutoa dawa ni kazi ya wengine. Pale ndipo mtoto alianza kutaka kuwa muganga. Mchungaji yule hakuona aibu kusema kazi yake inafika wapi.

Mfano wa pili ni ubakaji. Mama ama binti aliyebakwa anahitaji watu wa kumuombea, ndiyo. Lakini anahitaji kwanza kufika kituo cha afya mbele masaa 72 hayajapita, kusudi apewe dawa za kuzuia ukimwi na kutunzwa. Kundi la maombi linaloweza kumsindikiza siku ile ile, bila kutangaza jina lake kwa mtaa, limefanya kazi kubwa. Linalomfungia siku tatu za kufunga na kuomba kwanza, limemwibia wakati ambao hautarudi. Na tusisahau: tangu mwaka 2006 sheria ya inchi yetu inaadhibu vikali ubakaji. Kusamehe ni jambo la moyo wa mtu, na hakumzuizi kwenda mbele ya sheria.

Mfano wa tatu ni nyumba ambamo mama anapigwa. Wengi wanamwambia aombee bwana yake abadilike. Amuombee, si vibaya. Lakini Anuarite huyu tunayemuheshimu alimsamehe aliyemuua na hata hivyo hakukubali alichotaka. Msamaha na kukataa vilikaa katika kinywa kimoja. Anayetumia jina lake kumuambia mwanamke akubali kila kitu hajasikia habari yake mpaka mwisho.

Kuomba usiku, ama mchana?

Tangu Komanda, jamaa nyingi zinabishana: mama aende kwenye kesha ama abaki? Ituri iko chini ya hali ya dharura tangu mwezi wa tano 2021, na mashambulizi hayajaisha. Hakuna mahali Biblia inasema kwamba maombi ya saa nane ya usiku yanasikiwa kuliko ya saa nane ya mchana. Wakubwa wa makundi wanaweza kujiuliza maswali ya kawaida: hali ya usalama ya mtaa iko namna gani wiki hii? Watu watarudi kwa njia gani? Watoto watalala wapi? Je, mkubwa wa mtaa anajua kwamba tumekusanyika? Kuhamisha kesha kwenda mchana hakupunguzi imani ya mtu. Ni kutunza wale ambao Mungu ametupa.

Na wababa nao wajiulize. Kama maombi ni ya lazima kwa jamaa, kwa nini mzigo wote uko juu ya magoti ya mama?

Kila tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili, Wakatoliki wanamkumbuka Anuarite. Komanda, jina lake liko juu ya parokia iliyozika watu wake. Kesho, saa kumi na moja ya asubuhi, wamama wa Bunia watapita tena na vikwembe vyao. Ukimjua mmoja wao, usimuambie tu « tuombee ». Muulize pia yeye mwenyewe anaomba juu ya nini. Labda ni jambo ambalo wewe unaweza kusaidia leo.